Jina la Wendell Krantz Juu ya Kila Ukurasa

Ijumaa hii, tarehe 26 Juni 1981, Bwana Wendell Krantz, Mhariri Mkuu wa Kampuni ya Katuni ya Hesketh, anastaafu rasmi baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka arobaini. Sherehe ya kumuaga itafanyika saa tisa alasiri katika ukumbi wa ghorofa ya nne, palepale yalipokuwa madawati ya watia wino kabla hawajahamishiwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Keki itakuwepo. Wafanyakazi wote wanaombwa kufika mapema, kwa kuwa Bwana Krantz hapendi kusubiri makofi.

Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu na Bwana Krantz mwenyewe. Alisema amenichagua kwa sababu mimi ndiye pekee niliyebaki kati ya waliokuwepo alipoanza kazi. Aliniagiza mambo mawili: niandike kwa furaha, na nisisahau kueleza jinsi alivyombuni Bi Kengele. La kwanza nimelitimiza bila taabu, maana siku ya leo nimeingoja kwa hamu. La pili ndilo lililonitoa jasho.

Bi Kengele wa siku hizi anajulikana na kila mtu. Yuko kwenye televisheni kila Jumanne jioni, yuko kwenye vikopo vya chakula vya watoto wa shule, na mwakani atakuwa kwenye filamu. Mchana anaitwa Edna Marlow, opereta wa simu anayeunganisha watu wa jiji zima. Giza likiingia anapiga makofi, na mlio wa kengele unaotoka viganjani mwake unapasua milango ya chuma. Anavaa sketi ya rangi ya chungwa na glovu moja nyeusi mkono wa kushoto. Kuanzia Bronx hadi Brooklyn hakuna msichana ambaye hajawahi kuvaa soksi nyeusi ya kaka yake mkononi na kupigapiga makofi mpaka mama yake akamtoa nje. Wasichana hao hawajui Bi Kengele alitoka wapi. Bwana Krantz amekuwa akiwaeleza katika mihadhara ya vyuo vikuu, na leo nami nitaeleza, kwa kuwa nilikuwepo.

Bwana Krantz aliajiriwa majira ya kuchipua ya mwaka 1941, akiwa kijana mtanashati mwenye suti mbili na nywele zilizolala vizuri. Sifa zake za kazi hazikuhitaji kuthibitishwa. Mwenye kampuni, marehemu Bwana Hesketh, alikuwa mume wa shangazi yake, na usaili ulifanyika Jumapili mezani kwa shangazi, kati ya supu na nyama ya kuoka. Jumatatu alikuwa Mhariri Msaidizi na dawati karibu na bomba la joto. Alikuwa hajawahi kusoma katuni hata moja maishani mwake. Silisemi hilo kwa kumdharau, kwa maana hata baadaye hakuanza.

Wageni wa kazi yetu huenda wasijue ukurasa wa katuni unavyotengenezwa. Mtunzi hutunga, mchoraji huchora kwa penseli, mimi huandika maneno ndani ya viputo vya usemi kwa mkono, mtia wino hupita juu ya penseli, mpakaji wa rangi huonyesha rangi za kuchapwa, kisha ukurasa hupelekwa kwa mhariri. Mhariri akitia sahihi nyuma yake, unakwenda kwa mpiga chapa na hauguswi tena. Hapa kwa Hesketh tulikuwa na desturi moja zaidi. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila hadithi, juu kabisa, huwekwa kisanduku chenye jina la mtu mmoja tu, naye ni mhariri. Bwana Hesketh alisema msomaji akikuta majina mengi atadhani anasoma matangazo ya vifo. Basi watano hufanya kazi, na wa sita huandikwa.

Kisanduku hicho ndicho kilichokuwa uwanja wa kazi wa Bwana Krantz, na sifa yake apewe, hakuna mhariri aliyekilinda kama yeye. Alikuwa akiushika ukurasa kwa mkono ulionyooka, anarudisha kichwa nyuma, anafumba jicho moja. Wageni walinyamaza kwa heshima wakidhani anapima mchoro. Sisi tulijua anatazama kama K imesimama wima na kama Z imekaa vizuri. Zikiwa sawa, husema "Safi," hugeuza ukurasa na kutia sahihi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuyaona macho yake yakishuka chini ya kisanduku, na pale ofisini tulimwita Bwana Kisanduku, ingawa si mbele ya shangazi.

Bila shaka tulimjaribu. Watia wino walimchora Kapteni Nanga, shujaa wetu mkuu wa zama hizo, akiwa na miguu mitatu. Alipitishwa, akachapwa, akauzwa nchi nzima. Mimi niliwahi kuijaza midomo ya jambazi mmoja maelezo yote ya kupika supu ya bitiruti ya mama yangu, wakati jambazi huyo alipaswa kutishia kulipua daraja. Nayo ikapitishwa. Mama mmoja wa Pennsylvania alituandikia akiuliza chumvi hutiwa lini.

Sasa nifike kwenye kubuniwa kwa Bi Kengele, jambo ambalo Bwana Krantz analisimulia vizuri zaidi kila mwaka. Mihadharani husema kwamba usiku mmoja wa mwaka 1941, akiwa peke yake kando ya mto Hudson, alisikia kengele ya kanisa ikilia kwa mbali na akamwona mwanamke akitembea juu ya maji. Nimesikia habari hiyo mara nyingi. Safari nyingine mwanamke huyo alikuwa analia, safari nyingine alikuwa juu ya farasi.

Ukweli ni kwamba Bi Kengele alizaliwa kwa sababu ya mikanda ya ngiri, ile inayofungwa kiunoni na wagonjwa wa henia. Kiwanda kimoja cha mikanda hiyo kilikuwa kimekodi kurasa sita za mwisho za jarida la Kapteni Nanga ili kutangaza bidhaa zake, na Ijumaa moja ya vuli, jarida likiwa linasubiriwa na mpiga chapa Jumatatu, kiwanda kikajitoa. Kurasa sita zikabaki tupu. Bwana Hesketh alitoka ofisini mwake akiwa mwekundu kama nyanya akauliza nani ana chochote. Bwana Krantz alipendekeza tuchape uso wa Kapteni Nanga mara sita. Kwa haki, hilo ndilo wazo la kwanza lililotolewa siku ile.

La pili lilitoka kwa Bernice Tokar. Bernice alikuwa mtia wino, msichana wa mtaa wa Astoria, mnene wa sauti, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Alikuwa akila mkate na samaki wa chumvi juu ya dawati huku mkono mwingine unachora, na hakuna ukurasa wake uliowahi kunuka. Hakumwogopa mtu. Miezi mingi wakati wa chakula alikuwa akitusimulia habari za dada yake Klara, aliyekuwa opereta wa simu. Kutwa nzima Klara alisikiliza siri za jiji: waume wakidanganya, wakubwa wakipanga kuwafukuza watu, mwanamke akilia kwa dada yake aliye mbali. Wanaume waliokosa namba walimtukana yeye. Na kwa sheria ya kampuni ya simu, Klara aliruhusiwa kusema maneno mawili tu, "Namba tafadhali." Bernice alikuwa akigonga dawati na kutuuliza, je, siku moja akijibu itakuwaje?

Hilo ndilo chimbuko la Bi Kengele. Hakuna mto, hakuna farasi. Kuna msichana mwenye waya masikioni aliyekatazwa kujibu, na mdogo wake aliyekasirika kwa niaba yake.

Bernice alitunga, akachora kwa penseli na kutia wino peke yake, Ijumaa hadi Jumapili, mimi nikiwa pembeni yake nikiandika maneno. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na sijawahi tena kufanya kazi kwa raha kama ile. Bwana Krantz naye alikuja Jumapili mchana, na hapa ndipo mchango wake unapoanza, nami sitaupunja. Alikuja kuulizia kisanduku. Bernice alimwambia kisanduku kipo, jina lipo, aende zake akale. Akainama kukiangalia kwa karibu, na kiwiko chake kikaipiga chupa ya wino. Wino ukamwagika juu ya mkono wa kushoto wa Bi Kengele, katika ukurasa wa kwanza, mchoro mkubwa kuliko yote.

Kuchora upya hakukuwezekana, mpiga chapa anangoja. Bernice aliutazama ule mkono mweusi, akakausha kingo kwa karatasi, akachukua brashi. "Haya," akasema, "ana glovu." Akaichora glovu ile katika kurasa zote zilizobaki. Vyuoni, Bwana Krantz hufafanua kwamba glovu moja nyeusi ni maombolezo ya ulimwengu uliokuwa vitani, na wanafunzi huandika haraka haraka. Iandikwe basi na hapa: glovu ya Bi Kengele imebuniwa na kiwiko cha Wendell Krantz. Kiwiko hicho hakikuwahi kulipwa wala kutajwa, nami naona ni wakati wake.

Sketi ya rangi ya chungwa nayo ina historia yake. Bernice aliagiza nyekundu. Wino mwekundu ulikuwa umemalizwa na jalada la mbele, ambako Kapteni Nanga alikuwa anapigana na pweza mwekundu chini ya bendera nyekundu, na mpiga chapa akanyunyiza kilichobaki juu ya manjano. Bwana Krantz huiita rangi ya mapambazuko ya mwanamke mpya. Yeye hakuiona mpaka jarida lilipotoka, na aliiona kwa sababu ilikuwa karibu na kisanduku.

Jarida lilipotoka, wasichana walinunua kwa ajili ya zile kurasa sita za nyuma na kuzichana, Kapteni Nanga wakamwachia mwenye kibanda. Mwaka uliofuata Bi Kengele akapata jarida lake mwenyewe. Kapteni Nanga alizama polepole, na siku hizi hata pweza hamkumbuki.

Baada ya hapo Bwana Krantz alipandishwa cheo kuwa Mhariri Mkuu, akaanza kutoa mawazo. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Bi Kengele azimie kila amalizapo kupiga makofi, ili wasomaji wa kiume wasijisikie vibaya. Bernice aliandika mtu wa kuzimia kama alivyoagizwa, ila aliyezimia alikuwa jambazi. Ukurasa ulipita. Wazo la pili lilikuwa mbwa aitwaye Pudini, mwenye kofia, anayesema kwa mashairi. Pudini aliingia, wasomaji walitusihi afe, na Bernice, ambaye hakuwa na moyo wa kuua mbwa, alimpeleka akaishi na mlinzi wa mnara wa taa huko Maine. Mawazo mengine ya Bwana Krantz nimeyatafuta kwa ajili ya wasifu huu bila mafanikio.

Kwa miaka kumi na mitatu Bernice alifanya kazi hiyo na jina lake halikuwekwa popote. Aliomba mara moja, akajibiwa habari ya matangazo ya vifo. Hakuomba tena. Badala yake alianza kuchora, nyuma ya Bi Kengele, katika kila hadithi, mtaani, pembeni, duka dogo la nyama lenye kibao kilichosomeka B. TOKAR, NYAMA SAFI. Majengo yaliporomoka, treni zilianguka, wavamizi walishuka kutoka sayari nyingine, lakini duka la Tokar lilibaki wazi. Ofisi nzima ililijua. Aliyekuwa akitia sahihi hakulijua, kwa kuwa halikuwa juu.

Aliyelifichua ni shangazi, na hakufanya kwa ubaya. Bi Hesketh alikuwa mpenzi mkubwa wa Bi Kengele na msomaji wa kweli, pengine wa pekee katika familia ile. Siku moja mwaka 1954, kwenye chakula cha Jumapili, alimwuliza mpwa wake hilo duka la Tokar liko mtaa gani, maana analiona kila mwezi na duka linalodumu hivyo lazima nyama yake ni nzuri. Bwana Krantz hakuelewa anaulizwa nini. Ilibidi shangazi alete majarida na kumwonyesha kwa kidole. Wenye kuhudumia mezani walisimulia kwamba aliweka uma chini na hakugusa nyama tena. Jumatatu Bernice aliambiwa akusanye brashi zake.

Alizikusanya huku anaimba. Alipofika mlangoni alimgeukia Bwana Krantz, akamwambia amsalimie shangazi, na amwambie duka limefungwa.

Kilichofuata ni kipindi ambacho Bwana Krantz alikuwa na uhuru kamili wa ubunifu. Alimwoza Bi Kengele kwa daktari wa meno. Alimfanya aoke keki. Alimvua glovu, kwa kuwa haifai jikoni, akisahau kwamba ulimwengu ulikuwa bado unaombolezwa. Wasomaji wakakimbia, mauzo yakaanguka, na katika mwaka wa pili wa ndoa daktari wa meno alitoweka kati ya toleo moja na jingine bila neno lolote la maelezo. Mpaka leo hajulikani aliko. Tukarudi kunakili hadithi za Bernice, tukibadilisha magari na mitindo ya nywele, na kwa hadithi hizo tumekula mpaka leo. Mwaka 1968 chama kimoja cha wanawake kilimtunuku Bwana Krantz sanamu ya shaba kwa kukataa kwake katakata kumchora mwanamke dhaifu. Sanamu hiyo ni nzito na imefaa sana kuzuia mlango wa ofisi yake usijifunge.

Bernice alirudi Astoria. Anayejua kuchora herufi halali njaa, akawa mchora vibao vya maduka, na mtu akitembea mitaa ya Queens atavisoma vibao vyake hata kama hana haja ya kununua kitu. Vingi ni vya maduka ya nyama. Hakuolewa. Anaishi na dada yake Klara, ambaye sasa ni bibi wa miaka sabini na kitu, miguu imemwisha, masikio bado ni makali.

Majira ya baridi yaliyopita magazeti yalipotangaza filamu, Bernice alikuja hapa ofisini. Alipanda ngazi kwa kuwa haiamini lifti yetu, akaingia kwa Bwana Krantz na theluji kwenye kofia. Mlango ulikuwa wazi, sanamu ikiuzuia, kwa hiyo idara yote ya maneno ilisikia.

"Wendell, sikuja kuomba hela," alisema. "Nataka jina liandikwe. Mara moja tu, basi."

Bwana Krantz alimpa kiti, akamwita Bi Tokar, akamwuliza hali ya afya. Kisha akamweleza kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari za mgonjwa. "Mambo haya hayana maana, Bi Tokar. Watoto hawasomi majina."

"Basi futa lako."

Idara ya maneno iliacha kuandika. Bwana Krantz akacheka kidogo, akasema ya kale yamepita, na kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo naye ana haki ya kuitumia, maana hakuna aliyefaidika nayo kama yeye.

"Nilikuwepo," Bernice akamjibu. "Wewe ndiye uliyemwaga wino."

Nilimsindikiza mpaka chini. Njiani hakulia wala hakutukana, na kwa mtu kama Bernice hiyo ilinitia hofu kuliko matusi. Alipofika ngazi ya mwisho alishika ukuta kupumzika. "Mimi nimeshazoea, Dela," akaniambia. "Lakini pale kwenye kituo cha wazee, Klara akisema Bi Kengele ni yeye, wanamcheka. Wanamwambia nesi kichwa kimeanza kumruka. Sasa amenyamaza. Anakaa dirishani, hasemi kitu." Akavaa glovu zake, zote mbili, akaenda.

Klara alinyamazishwa na kampuni ya simu ujanani, na uzeeni akanyamazishwa na Wendell Krantz. Nimejaribu kuliandika hilo kwa furaha kama nilivyoagizwa, nimeshindwa.

Wiki mbili baadaye Bwana Krantz alitoa agizo la mwisho la utumishi wake. Toleo la miaka arobaini ya Bi Kengele, litakalotoka wiki hii ya kumuaga, liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza kwamba Bi Kengele alibuniwa na Wendell Krantz. Wamiliki wetu wapya, ambao ni watengenezaji wa sabuni na watu wa mpangilio, walikubali mara moja. Walisema hawataki mabishano ya wazee, kwa hiyo litakaloandikwa kwenye toleo hilo na kutiwa sahihi na Mhariri Mkuu ndilo litakalowekwa kwenye filamu, kwenye midoli, kwenye vikopo, na kila mahali siku zote. Wakalituma tamko hilo kwa idara zote. Bwana Krantz alilifurahia mno, na alilibandika ukutani mwenyewe.

Mwenye kuandika maneno katika toleo hilo ni mimi. Nilitengeneza kisanduku kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, chenye kivuli na mapambo pembeni, na ndani yake nikaandika: MHARIRI MKUU, WENDELL KRANTZ. K ilisimama kama askari. Chini ya kisanduku, kwa herufi za kawaida zinazosomeka vizuri, niliandika: Bi Kengele alibuniwa na Bernice Tokar, kwa ajili ya dada yake Klara. Kisha ukurasa ukaenda kwa mtia wino, kwa mpakaji wa rangi. Ulipita mikono yote, na kila mkono ulijua kusoma. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mtia wino aliongeza, kwa hiari yake, duka dogo la nyama pembeni ya mtaa.

Bwana Krantz aliupokea ukurasa huo Alhamisi moja asubuhi, mwezi uliopita. Aliunyoosha mbali, akarudisha kichwa nyuma, akafumba jicho moja. Nilikuwa nimesimama mbele yake, chupa ya wino nimeshaisogeza mbali na kiwiko chake.

"Safi sana, Adela," akasema. "Hii Z haijawahi kukaa vizuri hivi."

Akaugeuza, akatia sahihi.

Malori yaliondoka jana. Tangu leo asubuhi toleo la miaka arobaini liko kwenye kibanda cha magazeti pale kona, na kila kibanda cha nchi hii. Wanaotaka kuhakikisha wanaweza kushuka na kununua kabla ya keki. Watengenezaji wa sabuni tunawakumbusha tamko lao, ambalo bado liko ukutani, na ukurasa wenye sahihi ya Bwana Krantz uko kwa mpiga chapa, mkavu na salama.

Wasifu huu pia ulipelekwa kwake, kama kila ukurasa wa jarida la wafanyakazi unavyopaswa kupelekwa. Alisoma kichwa cha habari. Alikipenda. Alisema ndicho hasa angekichagua mwenyewe, akanishukuru, akatia sahihi. Kalamu zangu nimeshazipeleka nyumbani, ili Jumatatu pasiwe na mtu wa kusumbuka kunifungia.

Katika ukumbi mtawaona mabibi wawili karibu na mlango. Mwenye kofia ya bluu ni Bernice Tokar. Mwenye kiti cha magurudumu, aliyeshika toleo jipya mapajani na hataki kumpa mtu, ni Klara. Mwendeeni, mwulizeni kuhusu Bi Kengele, na akianza kujibu msimkatize, kwa kuwa amengoja muda mrefu. Keki waanze wao.

Kwa niaba ya watunzi, wachoraji, watia wino, wapaka rangi na waandika maneno, tunamshukuru Bwana Krantz kwa kiwiko chake, na kwa sahihi zake zote, hasa ile ya mwisho. Hivi sasa, kama namjua, amekaa jukwaani na nakala yake ya jarida hili la wafanyakazi mkononi, anajipepea nayo, akishangaa kwa nini ukumbi mzima umeinamisha vichwa na hakuna anayepiga makofi. Bwana Krantz, tunakutakia afya, usingizi mtulivu na siku nyingi za mapumziko. Sasa una nafasi. Isome.

Adela Kopecky
Idara ya Maneno